UZI: Riwaya za kihistoria na za fasihi kwa bei ya punguzo, sisi wa Arusha na Moshi tunazinasaje

MzeeWaKaloleni (Arusha)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaosoma kwenye simu, kishkwambi au Kindle (kisomeo cha Amazon) na wamechoka kukuta riwaya moja inauzwa dola 14.99. Tuweke humu njia zinazofanya kazi, na zinapogoma tuseme zinagoma wapi.

Kwanza mjue nani anapanga bei. Kwa wachapishaji wakubwa wa Marekani na Uingereza, bei ya kitabu cha kielektroniki anaipanga mchapishaji mwenyewe, duka linakula kamisheni tu. Ndiyo maana riwaya ileile utaikuta 13.99 Amazon na 13.99 Kobo. Kuzunguka duka hadi duka kutafuta nafuu ya senti ni kuchoma bando bure. Mchapishaji akishusha, mara nyingi anashusha kote siku hiyohiyo, na akipandisha anapandisha kote.

Wala hashushi kwa huruma. Anashusha pale mwandishi anapokaribia kutoa kitabu kipya, au riwaya inapotoka kwa jalada laini, au ikitengenezewa filamu. Sababu nyingine ni mfululizo: juzuu la kwanza linawekwa 1.99 ili unase, halafu matano yaliyobaki uyanunue bei kamili. Riwaya za kihistoria zina mifululizo kuliko riwaya za fasihi, ndiyo maana chambo kinatupwa sana upande huo. Riwaya ya fasihi iliyosimama peke yake husubiri mwandishi wake atoe nyingine.

Kwa hiyo usiandike "vitabu vya bei rahisi" kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa takataka. Tengeneza orodha ya majina 30 hadi 40 unayoyataka kweli, tega, kisha endelea na shughuli zako. Mitego yangu miwili:

eReaderIQ ni tovuti ya kufuatilia bei za Kindle. Unafungua ukurasa wa kitabu Amazon, unanakili ile namba yenye herufi na tarakimu 10 iliyo kwenye anwani ya ukurasa (kwa vitabu vya Kindle huwa inaanza na B0), unaibandika kule, unaweka bei unayoitaka. Weka 2.99, usiweke 0.99. Vitabu vya wachapishaji wakubwa vikishuka mara nyingi vinasimama 1.99 au 2.99, aliyeweka 0.99 atasubiri mpaka Meru iote mvi.

BookBub ni barua pepe ya kila siku ya punguzo la vitabu, bure. Ukijiandikisha chagua makundi mawili tu: riwaya za kihistoria na riwaya za fasihi. Ukiweka tiki makundi kumi, baada ya wiki mbili utakuwa huzifungui tena hizo barua. Pia fuata waandishi mmojammoja, upate taarifa kitabu chao kikishuka.

Karibuni muongezee.

---

ChaliiWaSakina

Shikamoo mzee. Uzi umekuja wakati wake. Swali: barua pepe inasema 1.99, ukibofya ukaingia na akaunti unakuta 11.99. Hapo wanatuchezea au?

---

DadaWaNjiro (Arusha)

@ChaliiWaSakina hawakuchezei, ni haki za uchapishaji kwa nchi. Hili ndilo linalowaangusha wengi, acha nilieleze taratibu.

Riwaya moja inaweza kuwa na wachapishaji wawili. Chukua Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, kwa kuwa inahusu huku kwetu enzi za Wajerumani. Uingereza ilitolewa na Bloomsbury mwaka 2020. Marekani ilitolewa na Riverhead mwaka 2022, baada ya Nobel ya 2021. Hizo ni biashara mbili. Riverhead akishusha bei, ni kwa eneo lake. Bloomsbury hahusiki, na msomaji anayehudumiwa kwa toleo la Bloomsbury haoni punguzo hilo hata lisambazwe kwenye barua pepe milioni.

Ukijiandikisha BookBub unaulizwa uko duka la nchi gani, na machaguo ni machache: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, India. Tanzania haimo. Ukichagua Marekani unapata ofa za Marekani, ambazo baadhi zinafika kwako na baadhi hazifiki. Kwa hiyo barua pepe ichukue kama fununu, bei yenyewe ni ile utakayoiona ukiwa ndani ya akaunti yako.

Namna ya kuhakikisha: ingia kwenye akaunti KWANZA, ndipo ufungue kiungo. Ukifungua ukiwa hujaingia, unaonyeshwa bei ya mgeni yeyote. Halafu soma jina la mchapishaji kwenye maelezo ya kitabu. Kitabu kimoja kikiwa na kurasa mbili tofauti zenye wachapishaji tofauti, fungua zote. Wakati mwingine ile isiyotangazwa ndiyo unayoruhusiwa kununua.

Kuna watu watakwambia badilisha nchi kwenye mipangilio, andika anwani ya Marekani. Anwani ya uongo inakiuka masharti ya duka, na akaunti ikifungwa vitabu vyote vimekwenda nayo. Kwa ajili ya kuokoa dola kumi? Hapana.

---

Mwl_Majengo (Moshi)

Dada Njiro kamaliza. Mimi naongeza saa, maana ofa nyingi zinakufa tukiwa tumelala au tukiwa kazini.

Ofa ya siku ya duka la Marekani inafuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Usiku wa manane kule, huku kwetu ni saa 5 asubuhi. Wakisogeza saa zao mbele (kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba) inakuwa saa 4 asubuhi. Maana yake ofa uliyoiona jana jioni bado ipo leo wakati wa chai ya asubuhi. Ukisema utanunua mchana, umekosa.

Duka la Uingereza ni tofauti: usiku wa manane wao ni saa 9 usiku kwetu, na majira yao ya joto ni saa 8 usiku. Kwa hiyo ya Uingereza malizana nayo kabla ya kulala.

Ofa za mwezi ndizo zenye utulivu. Zinabadilika tarehe 1, na nyingi zinakaa mwezi mzima. Pitia orodha siku ya kwanza au ya pili, tena tumia kichujio cha aina ya kitabu, vinginevyo utapekua kurasa za mapenzi na upelelezi mpaka betri iishe.

---

Kibo_Msomaji

Mwalimu, na hizi zinazohesabu saa kurudi nyuma? Unaona 0.99, kesho 2.99, keshokutwa 4.99.

---

Mwl_Majengo (Moshi)

Hizo ni za waandishi wanaojichapishia wenyewe Amazon. Kawaida mwandishi anapata asilimia 70 ya mauzo akiuza kati ya dola 2.99 na 9.99. Akishuka chini ya hapo anabaki na asilimia 35. Ofa ya kuhesabu saa inamruhusu kushuka hadi 0.99 huku akiendelea kupata ile 70, ndiyo maana wanaipenda. Inadumu hadi siku 7 kwa kipindi kimoja, na imewekwa kwa duka la Marekani na la Uingereza tu.

Waandishi haohao wanaruhusiwa kukitoa kitabu bure kabisa siku 5 katika kila siku 90. Sharti lake ni kwamba kitabu hicho kisiuzwe kwa njia ya kielektroniki mahali pengine. Usikitafute Kobo, hutakikuta.

Ubora sasa. Kwa riwaya za kihistoria za kujichapishia, soma sampuli kabla, hata kama ni bure. Ukikuta mtu wa karne ya 12 anakula viazi na nyanya, funga. Mazao hayo yalifika Ulaya kutoka bara la Amerika baada ya 1492. Aliyekosea chakula atakosea na vita.

---

MangiWaShanty

😂😂 Viazi vya karne ya 12. Nakaa hapa.

---

MamaSoweto (Moshi)

Tuje kwenye malipo, ndiko watu wengi wanakokwamia.

Kadi ya benki yenye nembo ya Visa au Mastercard inakubali, ila benki nyingi zinakuja na manunuzi ya mtandaoni yakiwa yamefungwa. Unaomba yafunguliwe, kwenye programu ya benki au tawini. Kadi za mtandaoni za mitandao ya simu nazo zinafanya kazi, na ndizo nazopendekeza: unaweka kiasi cha kitabu tu, hata namba zikivuja hakuna cha kuiba.

Yanayokwamisha:

Salio limelingana na bei ya kitabu. Duka linaweza kwanza kujaribu kadi kwa kushika kama dola 1, kisha linairudisha. Kadi ikiwa na shilingi za kitabu tu, inakataliwa. Acha ziada ya walau shilingi 5,000.

Kiwango cha kubadilisha fedha. Benki haitumii kile unachokiona mtandaoni, inaweka chake. Na kuna ada ya muamala wa nje, wengine ni kiasi maalumu kwa kila muamala. Hapo ndipo kitabu cha 1.99 kinaacha kuwa cha 1.99.

VAT. Kuanzia Julai 2022 huduma za kidijitali za kampuni za nje zimeingizwa kwenye VAT, na kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Ukurasa wa kitabu unaweza kuonyesha 1.99, ukurasa wa mwisho ukaonyesha 2.35. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni kutoka 4,975 hadi 5,875. Soma ukurasa wa mwisho.

Kama benki yako inakata ada kwa kila muamala, usinunue kimojakimoja. Nunua salio la kadi ya zawadi la dola 20 au 25 mara moja, uwe unakula humo. Ila kadi ya zawadi ya duka la Marekani haifanyi kazi duka la Uingereza. Na inunue kwenye duka lenyewe, si kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp anayekuuzia ya dola 50 kwa shilingi 60,000. Hiyo ni ya wizi au imeshatumika, hakuna la tatu.

---

Chuga_Boy

Mnajichosha wazee. Kuna makundi ya Telegram, PDF zote bure.

---

DadaWaNjiro (Arusha)

@Chuga_Boy mdogo wangu, ni wizi, nalisema mara moja nisirudie. Tuache hata hilo. Fungua PDF iliyopigwa picha kwenye simu ya inchi 6. Ukurasa hauvunjiki kufuata skrini, unavuta kushoto, unavuta kulia, kila mstari. Kurasa 500 hivyo? Faili MB 60 wakati riwaya halali ya EPUB (muundo wa faili la kitabu cha kielektroniki) isiyo na picha ni MB 1 hadi 3. Bando unalookoa huku unalilipa kule.

Unataka bure, bure halali ipo tele. @MzeeWaKaloleni waambie.

---

MzeeWaKaloleni (Arusha)

Ipo. Project Gutenberg imeanza 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani. Standard Ebooks inachukua sehemu ya vitabu hivyohivyo, inavisahihisha na kuvipanga upya vizuri. Kitabu kikiwa kote kuwili, chukua cha Standard Ebooks. Kila tarehe 1 Januari Marekani inaachia mwaka mwingine mzima. Januari 2025 viliachiwa vilivyochapishwa 1929.

Riwaya ya kihistoria kama tunavyoijua ilishika kasi karne ya 19, kuanzia na Walter Scott, aliyetoa Waverley mwaka 1814. Kwa hiyo mababu wa aina hii wote ni bure. Hakuna sababu ya kumlipia Scott, Hugo wala Dumas.

Isipokuwa kwenye tafsiri, na hapa wengi wanapigwa. Vita na Amani ya Tolstoy kwa Kirusi haina mwenyewe, lakini kila tafsiri ya Kiingereza ina hakimiliki yake. Ya Constance Garnett na ya akina Maude ni bure. Ya Pevear na Volokhonsky ya 2007 si bure, na haistahili kuwa 0.99. Ukiona Tolstoy wa 0.99 asiyetajwa mfasiri, ujue mara nyingi ni ileile ya Garnett au Maude imewekwa jalada jipya, unalipia unachoweza kupakua bure.

Kibaya zaidi, duka huwa linachanganya maoni ya wasomaji wa matoleo yote mahali pamoja. Nyota 4.7 unazoziona zinaweza kuwa za tafsiri nyingine kabisa. Usiziamini. Vuta sampuli, angalia mambo matatu: jina la mfasiri, kama orodha ya sura inabofyeka, na makosa ya mashine. Ukurasa wa karatasi ukisomwa na mashine, herufi r na n zinashikana zinakuwa m. Neno modern linageuka modem. The linakuwa tlie. Ukikuta modem kwenye riwaya ya Napoleon, mambo yamekwisha, hakuna aliyepitia faili hilo kwa macho.

Na muhtasari nao! Riwaya ikishinda tuzo, ndani ya siku chache vinatokea vijitabu vya dola 2.99 vyenye jalada linalofanana, neno "muhtasari" likiwa dogo kama sisimizi. Tazama idadi ya kurasa. Riwaya haina kurasa 48.

---

ChaliiWaSakina

Duh, hapo kwenye modem nimecheka peke yangu. Mzee na ile ya kuazima vitabu Internet Archive (maktaba ya mtandaoni) bado ipo?

---

MzeeWaKaloleni (Arusha)

Ipo ila imepungua. Wachapishaji wanne waliishtaki, vitabu vingi vya miaka ya karibuni vikaondolewa, na Septemba 2024 ikashindwa na rufaa. Vya zamani bado utavikuta.

---

Kibo_Msomaji

Nina swali la Kobo. Mtu amenunua kitabu, amepakua, faili lina kilobaiti chache tu na simu inasema haiwezi kulifungua. Kitabu kiko wapi?

---

DadaWaNjiro (Arusha)

Mwishoni mwa jina la faili pameandikwa acsm, sivyo? Hicho si kitabu, ni kama tiketi ya basi. Basi bado liko stendi.

Njia fupi: achana na faili hilo, weka programu ya Kobo kwenye simu, ingia kwa akaunti uliyonunulia. Kitabu kinashuka chenyewe.

Njia ndefu ni kwa wanaotumia kisomeo kisicho cha Kobo. Kwenye kompyuta weka Adobe Digital Editions, fungua akaunti ya Adobe, kisha uidhinishe kompyuta KABLA ya kufungua tiketi. Halafu fungua faili la acsm ndani ya programu hiyo ukiwa na mtandao. EPUB halisi inashuka kwenye folda inayoitwa My Digital Editions. Unganisha kisomeo kwa waya, uburute kitabu ukiingize.

Linaloharibika mara nyingi: kompyuta ni ya kafe au ya ofisi na iliidhinishwa kwa jina la mtu mwingine. Tiketi ikishafunguliwa kwa akaunti hiyo, imeshikamana nayo. Ukirudia kwa akaunti yako inakuambia imeshatumiwa na mwingine, na hapo ni kuandikia duka wakutolee nyingine. Kwa hiyo kafeni usijaribu kabisa.

---

NjiaPanda_Himo

Wenye Kindle je? EPUB za Gutenberg zinaingiaje?

---

Mwl_Majengo (Moshi)

Tumia ukurasa wa Send to Kindle, buruta EPUB, subiri dakika chache. Inakubali faili hadi MB 200 kwa ukurasa, kwa barua pepe ni MB 50. Kwa barua pepe lazima anwani unayotumia iwe kwenye orodha ya walioruhusiwa katika mipangilio ya akaunti, isipokuwepo kitabu hakifiki.

Usitume MOBI (muundo wa zamani wa Kindle), haipokelewi tena kwa njia hiyo. Maelekezo ya zamani mtandaoni yanakwambia ugeuze EPUB kuwa MOBI kwa programu ya Calibre kwanza. Yapuuze, tuma EPUB ilivyo.

Na vile vitabu ulivyonunua, ile njia ya kuvipakua kwenye kompyuta na kuhamisha kwa waya ilifungwa Februari 26, 2025. Sasa Kindle inahitaji Wi-Fi kupokea ulichonunua. Kama uko Himo au juu Marangu ambako mtandao unasuasua, washa hotspot ya simu, vishushe vyote kwenye kifaa mara moja, ukitaka uzime.

---

MamaSoweto (Moshi)

Kuhusu orodha ya majina 30 aliyosema Mzee, watu watauliza wayatoe wapi. Tumieni Walter Scott Prize. Ni tuzo ya riwaya za kihistoria tu, ilianza kutolewa 2010, na sharti lake sehemu kubwa ya hadithi iwe ya miaka isiyopungua 60 nyuma. Kwa upande wa fasihi, Booker na Women's Prize.

Ila msichukue washindi. Mshindi anauzika mwenyewe, mchapishaji hana haraka ya kumshusha. Chukueni walioishia kwenye orodha ndefu (ile ya mchujo wa kwanza) miaka minne hadi saba iliyopita. Ni riwaya zilizochujwa na watu wanaosoma, na wachapishaji wake sasa wanatafuta namna ya kuzifufua. Hizo ndizo zinazoonekana 1.99 mara kwa mara.

Na vifurushi vya juzuu tatu kwa pamoja, gawanya bei kwa tatu, kisha angalia kama moja huna tayari. Kifurushi cha 9.99 ambacho moja unayo, unalipa 5 kwa kila mpya.

---

Chuga_Boy

Sawa dada, nimekubali yaishe 🙏 Nimeweka 12 kwenye eReaderIQ. Ila nimebonyeza kitufe cha kununua kwa mguso mmoja nikadhani ni sampuli, imekata 9.99. Inarudi?

---

DadaWaNjiro (Arusha)

Inarudi ukiwahi. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, nenda kwenye oda za kidijitali, omba kurudisha, chagua sababu ya kununua kwa bahati mbaya. Una siku 7. Usikifungue kukisoma; ukipita asilimia 10 hakirudi chenyewe, itabidi uzungumze na huduma kwa wateja.

Kitufe cha sampuli kiko chini ya kile cha kununua, tena ni kidogo. Kwenye simu ya kioo kidogo vinakaribiana, zungusha simu ilale kabla ya kugusa.

---

Chuga_Boy

Imekubali. Wanasema hela inarudi kwenye kadi ndani ya siku 3 hadi 5.

---

MamaSoweto (Moshi)

Kama ulitumia kadi ya mtandaoni, usiifute mpaka hela iingie.